Baiskeli ya umeme yenye mitambo ya kisasa kwa milima ya Pemba: inanifaa au niiache?

Mkunga wa Machomanne

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaopanda baiskeli kila siku, si wanaozitazama kwenye simu.

Mimi ni mkunga. Nakaa Machomanne hapa Chake, na kituo ninachofanyia kazi kiko njia ya Pujini, kama kilomita 9 kutoka mlangoni kwangu. Njia hiyo wanaoijua wanaijua: unateremka bonde, unapanda kilima, hujavuta pumzi ushakutana na bonde jengine. Kipande cha mwisho ni udongo mwekundu, na masika kinateleza kweli kweli. Jioni nikitoka napita kuwatazama wazazi waliojifungua karibuni, nyumba mbili tatu, kwa hiyo siku nzima naweza kufika kilomita 24. Mkoba wangu una mizani ya watoto, mashine ya presha, glavu na madaftari. Si mwepesi.

Sasa hivi natumia daladala na bodaboda. Daladala inaniacha njia panda, na bodaboda inakula mshahara. Baiskeli ya kike nnayo, ya mtumba, nzima kabisa, lakini kwa vilima vile na jua la saa saba nafika kwa mzazi nimelowa jasho na mikono inatetemeka, na kazi yangu yote ni hii mikono.

Mtoto wa dada yangu yuko Rotterdam. Anahama nyumba na anataka kunipa baiskeli yake ya umeme, VanMoof S3. Kanitumia video. Inajifungua simu ikikaribia, giya inajibadilisha, mwizi akiigusa inapiga kelele, na kuna kitufe kwenye usukani ukikibonyeza inakuongezea nguvu pale pale. Nimeipenda, sifichi.

Uzuri wake sina shaka nao. Nnachotaka kujua ni kama inanifaa mimi, kwa njia hii na kazi hii, hapa Pemba. Nauli ya kontena nusu nalipa mimi, na sitaki niipokee bandarini kwa furaha halafu mwakani ikae ukumbini imefunikwa shuka. Naombeni mnijibu kwa ukweli.

Kijana wa Bububu

Wa alaykum salaam bibie. Mimi ningeichukua bila ya kufikiri mara mbili.

Ile S3 ilitoka 2020 na bado si ya kubeza. Mota ni wati 250, iko gurudumu la mbele, na kwa mpangilio wa Ulaya inakusaidia mpaka spidi ya kilomita 25 kwa saa, baada ya hapo ni miguu yako. Betri yake ni wati-saa 504 (ndicho kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), kampuni yenyewe ilitangaza kilomita 60 mpaka 150 kwa chaji moja, na inajaa kwa saa 4. Kubwa kwako wewe ni breki. Ni za diski na za mafuta, mbele na nyuma. Mimi nakwenda mjini kila siku kwa baiskeli ya umeme, na mvua ya vuli ikinikuta njiani najua tofauti ya breki hizo na zile za kubana rimu. Kwa mteremko wa udongo uliolowa usikubali kitu chengine.

Halafu mnyororo wake umefunikwa wote, hauonekani kabisa. Kwa mtu anayevaa buibui hilo si jambo dogo.

Najua kuwa unaogopa mambo ya programu za simu. Usiogope, utayazoea kwa wiki moja.

Fundi wa Wete

Dada yangu mkunga, wa alaykum salaam. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Wete, na siku hizi za umeme nazo zinanijia kila mara, nyingi za mtumba, nyengine zimeletwa na jamaa walioko nje kama huyo mwanao. Kijana wa Bububu kasema kweli kuhusu breki na mnyororo. Lakini hajakuuliza la mwanzo: una urefu gani?

S3 imetengenezwa kwa watu wa sentimita 170 mpaka 210. Bomba lake la juu limenyooka toka kitini mpaka usukani, kama baiskeli za kiume. Sasa wewe unavaa buibui na una mkoba mgongoni, na kila nyumba ya mzazi unashuka na kupanda tena. Utaupitisha wapi mguu? Siku moja utaona si kitu, lakini mwisho wa mwezi utakuwa unaiacha nyumbani kwa sababu ya lile bomba tu, na mota haijapata hitilafu yoyote. Ina ndugu yake, X3, ya magurudumu madogo na fremu fupi, inayokubali mtu wa kuanzia sentimita 155. Lakini hiyo siyo uliyopewa.

La pili ni mkoba. S3 haikuja na kariya, ilikuwa ikiuzwa mbali. Muulize mwanao kama anayo. Kama hana, mkoba wa mizani na mashine ya presha utaubeba mgongoni, na jasho unalolikimbia litakurudia.

Tuje kwenye betri, maana hapo ndipo watu wanapodanganyika na namba za matangazo. Mimi napiga hesabu hivi: kwa njia ya vilima, mtu na mzigo, baiskeli ya umeme inakula wati-saa 12 mpaka 15 kwa kila kilomita. Safari yako ya kilomita 24 itataka 288 mpaka 360. Betri mpya ya 504 inakurudisha nyumbani na akiba juu. Lakini betri ya lithiamu inapungua kwa umri na kwa mara ilizochajiwa. Ikiwa ya mwanao imebakia na asilimia 70 ya nguvu zake, unayo 353 tu, na hiyo ni siku ya kufika Machomanne unasukuma kwa miguu chombo cha kilo 19.

Tena betri ya S3 iko ndani ya bomba la fremu. Huichomoi ukaingia nayo ndani kuichaji, inakwenda baiskeli nzima mpaka penye soketi. Kituoni kwako kuna pahala pa kuiingiza? Nyumbani kwako kuna ngazi? Na ikifa, huipeleki dukani ukapewa ya namna ile. Siihesabu kuwa ni kasoro ya utengenezaji, kule Uholanzi yapo maduka ya kuzitengeneza. Hapa hakuna hata moja.

Na sasa niseme la mitambo, kwa sababu umesema umeipenda na haki yako uijue hadithi yake. Kampuni ya VanMoof ilifilisika Amsterdam mwezi wa Julai 2023. Watu walikaa na baiskeli zao ndani wanahangaika, kwa sababu ufunguo wa ile baiskeli ni wa kidijitali na unapitia kwenye seva za kampuni. Seva zikizimwa, na ukawa hujauhifadhi ufunguo wako, hali yako ni ngumu. Kampuni nyengine ya baiskeli, Cowboy ya Ubelgiji, ndiyo iliyotengeneza haraka haraka programu ya kumsaidia mwenye VanMoof auchukue ufunguo wake auweke kwenye simu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule VanMoof ikanunuliwa na Lavoie ya Uingereza, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo leo inatumika, sisemi kuwa haitumiki. Nakuomba tu utazame kilichowapata watu wa Amsterdam wenyewe, walio mji mmoja na kampuni, halafu ujifikirie wewe uko njia ya Pujini na mzazi anakusubiri.

Kipimo changu kwa kila baiskeli ya umeme inayoletwa hapa ni kimoja: mitambo yote ikizima, simu imekufa na umeme wa ZECO umekatika, je, utaipanda ikufikishe, na fundi wa mtaani ataweza kuifungua? Giya ya S3 inabadilishwa na umeme, kufuli iko ndani ya gurudumu la nyuma, waya zote zimepita ndani ya fremu, na vifaa vyake vingi ni vya kampuni yenyewe. Mimi nataka kujifunza, lakini siwezi kukwambia nitakutengenezea.

La mwisho ni dogo lakini linawakwamisha wengi. Mpira. Baiskeli zetu za Phoenix wanaziita 28, na S3 nayo wanaiita 28. Haziingiliani. Phoenix ni milimita 635 kwenye rimu, S3 ni 622. Mpira unaoweza kukuokoa ni wa baiskeli za milimani zinazoitwa 29, maana hizo nazo ni 622. Ukiletewa baiskeli yoyote, agiza mipira miwili na tyubu ndani ya kontena lile lile.

Mwalimu wa Jambiani

Assalaam alaykum. Nimesoma nikaona niingie, kwa sababu mimi ni mwanamke, navaa buibui, na napanda ya umeme kwenda skuli kila siku upande huu wa pwani.

Yangu ni ya Japani, ya mtumba, ya wale kina mama wa kule wanaobebea watoto. Wajapani ndio walioanza mambo haya, Yamaha waliitoa yao 1993. Haina programu ya simu hata moja. Ina kitufe cha kuwashia, taa tatu za kuonesha chaji, fremu ya chini unaingia kama unapita mlangoni, gurudumu la nyuma lina kikinga nguo, na betri unaichomoa kwa ufunguo. Naipeleka darasani, naichaji mezani kwangu, wanafunzi washaizoea.

Dada yangu, teknolojia ipo ya aina mbili na usizichanganye. Ipo ya kukufungulia kufuli na kukuonesha ramani, na ipo ya kwenye pedeli. Hiyo ya pedeli ndiyo ya kuuliza kwa makini. Baiskeli nyengine zinahisi tu kuwa pedeli inazunguka, basi mota inajiwashia kwa nguvu ile ile, ukiwa unateremka au unapanda. Nyengine zinapima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na zinakuongezea kwa kadiri yako. Kwenye kilima, na kwenye upepo wa kusi unaokupiga usoni kutoka Paje mpaka huku, ya pili ndiyo inayokufikisha hujachoka, na haikurushi kwenye mchanga unapoanza kuondoka. Jaribu zote mbili kama utapata nafasi, miguu yenyewe itakwambia.

Ila wa kuletewa kutoka Japani wawe na hadhari: chaja zao nyingi ni za volti 100 na sisi umeme wetu ni 230. Soma maandishi ya nyuma ya chaja. Ikiwa imeandikwa 100 mpaka 240 ni salama. Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, ukiichomeka ukutani hapa umeiua, na pengine na betri. Ya Uholanzi haina tatizo hilo, kwao ni 230 kama sisi.

Na chumvi ya bahari. Pemba wewe hauko ufukweni kama mimi, lakini hewa ni moja. Ile sehemu betri inapogusana na baiskeli uifute kwa kitambaa kikavu kila mara, na usikubali mtu aioshe kwa mashine ya maji ya kuoshea gari.

Mkunga wa Machomanne

Mungu awalipe kheri. Sikutegemea kupata majibu ya namna hii.

Fundi, urefu wangu ni sentimita 158. Nimempigia mwanangu jana baada ya Isha, nikamsomea ulivyoandika. Kariya hana. Betri ni ile ile ya mwanzo na anasema siku hizi anaichaji mara nyengi zaidi kuliko zamani. Nyumbani kwangu kuna ngazi nne za kuingilia, na kituoni soketi iliyo karibu iko chumba cha dawa, ambacho baiskeli haiingii na haifai kuingia.

Kwa hiyo kuhusu S3 moyo wangu umeshatulia. Lakini mwanangu kaja na mawazo mawili mengine na nataka mnipimie. La kwanza, aiuze kule kule, anunue ya umeme ya kike ya kawaida, ya wale wazee wa Kiholanzi, yenye betri kwenye kariya. La pili, asinunue baiskeli, aninunulie zile seti za mota unazofunga kwenye baiskeli uliyonayo. La pili ni rahisi kwa pesa, na baiskeli yangu naipenda.

Na jengine: kumbe alikuwa anataka kuja na betri ndani ya ndege mwezi ujao, tupunguze gharama. Inawezekana?

Fundi wa Wete

Nianze na ndege, maana hilo halina mjadala. Abiria haruhusiwi kupanda ndege na betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hata kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege liridhie kwanza. Betri za baiskeli kama hizi ni 300, 400, 500. Itazuiliwa uwanjani. Iende kwa meli, na aitangaze kwenye karatasi za mzigo kuwa ni betri ya lithiamu. Asiifiche ndani ya nguo. Mzigo ule unakaa baharini na joto, na karibu yake mna mali za watu.

Seti ya kufunga: nimezifunga kadhaa na zinafanya kazi. Uzuri wake ni kuwa kila kitu kiko nje unakiona. Kontrola, kile kifaa kinachoiongoza mota, ikiungua unatia nyengine ya volti zile zile, na vifaa vinapatikana kwa wanaoagiza China. Lakini nieleze baiskeli yako inafunga breki na nini? Ikiwa ni zile za vyuma virefu vinavyobana rimu, mimi sikufungii. Nakwambia wazi. Utakuwa na mota inayokupandisha kilima kwa raha, halafu breki ya miaka hiyo ikuteremshe upande wa pili pamoja na uzito ulioongezeka. Fremu nayo: mota ya mbele inaivuta ekseli kwa nguvu ya kuizungusha, na uma (ile fremu ya mbele inayoshika gurudumu) ukiwa laini hufunguka ekseli ikatoka. Lazima uma uwe wa chuma, si alumini, na ufungwe mkono wa kuizuia ekseli isizunguke. Seti nyingi za rahisi zinakuja bila ya mkono huo.

Mimi ningemwambia auze anunue ya kike. Fremu ya chini, mnyororo umefunikwa, kariya ipo, kikinga nguo kipo, betri inachomoka unaingia nayo chumba cha dawa kwa mkono mmoja. Ndivyo Waholanzi wenyewe wanavyozipanda kwenda sokoni. Akizitafuta, za mota ndani ya gurudumu ni nyepesi kwetu kuzitengeneza. Zile za mota ya katikati, kwenye pedeli, zinapanda milima vizuri zaidi kwa sababu zinatumia giya, ila nyingi zao, kama za Bosch, hazikubali betri isiyo ya kwao. Vilima vya Pujini ni vikali lakini vifupi, mota ya gurudumu itavimudu ikiwa na wewe unakanyaga.

Asinunue bila ya vitu hivi mkononi: funguo mbili za betri, chaja yake ya asili, na kioo cha kwenye usukani, kile cha kuonesha spidi na chaji. Za mtumba nyingi zinauzwa bila ya kioo hicho, na pengine bila ya hicho mota haiwaki kabisa. Watu wameniletea hapa, nzuri zinang'ara, na sikuweza kuziwasha. Aipande mwenyewe mpaka betri iishe, ahesabu kilomita. Kule ni tambarare, kwa hiyo ikimpa 45 wewe hapa hesabu 30, nayo inakutosha.

Kijana wa Bububu

Kwa urefu wa 158 nami nakubali S3 si yako. Lakini kwenye breki silegei. Aitafute yenye breki za mafuta. Na wewe bibie, siku zikitaka kuongezwa mafuta, usikubali fundi akutilie mafuta ya breki ya gari. Nyingi za baiskeli zinatumia mafuta ya madini, na ya gari yanavimbisha mipira ya ndani, breki inakufa taratibu bila ya wewe kujua. Agiza chupa moja ndogo ije na baiskeli.

Mwalimu wa Jambiani

Naongeza la umeme. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunajua kuwa umeme hauna ahadi, na nyinyi Pemba waya wenu wa kutoka Tanga ulianza kazi 2010, basi mnakumbuka majenereta ya zamani. Usingoje betri ifike sifuri. Mimi ikifika nusu naichaji, na siichaji nikiwa nimelala. Siku umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, chaja iwe imepitia kwenye kile kifaa cha kulindia friji. Kuhusu gharama usijali, siku yako nzima haitofika hata nusu uniti ya Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla.

Mkunga wa Machomanne

Nimeshamwandikia. S3 anaiuza. Atatafuta ya kike, betri ya kuchomoka isiyopungua wati-saa 400, inayopima nguvu ya mguu, breki za mafuta. Kama hizo zote zitapita bei, nimemwambia aache kupima nguvu ya mguu kabla ya kuacha breki. Bodaboda ninazolipa kwa mwezi zitairudisha pesa yangu, nimeshapiga hesabu na mume wangu.

Fundi, zimebaki mbili. Chaja ya kule ina pini mbili za mviringo, na zetu ni tatu za bapa. Na ikifika, naweza kukuletea Wete uikague kabla sijaipanda kwenda kazini?

Fundi wa Wete

Pini: usitumie zile adapta nyepesi za kuchajia simu, zinapata moto chaja ikikaa saa nyingi. Kata waya, funga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, kazi ya dakika kumi kwa fundi umeme yeyote wa Chake.

Usiipande mpaka huku. Itie kwenye gari ya Wete, au nipigie, mimi nashuka Chake kila Jumamosi, na spana nakuja nazo.